Kwa Nini Waingereza Waliirudisha Zhoushan Wakabaki na Hong Kong?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari. Katika kusoma habari za Vita vya Kasumba nimekuta kwamba Waingereza walikiteka kisiwa cha Zhoushan mara mbili, wakakikalia kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1846 wakakirudisha kwa China bila kushindwa vitani. Wakati huohuo waliing'ang'ania Hong Kong, iliyokuwa ndogo na yenye mawe matupu. Wanafunzi wangu wameniuliza sababu nikakosa la kuwaambia. Je, ni kweli kwamba waliwaogopa Wafaransa?"

Mwalimu, Wafaransa wamo katika jibu, lakini neno "kuogopa" linawapa nafasi kubwa kuliko waliyokuwa nayo. Zhoushan ilitamaniwa na wafanyabiashara wa Kiingereza kwa karibu karne moja na nusu kwa sababu pwani ya China iliyo mbele yake ilikuwa imefungwa. Pwani hiyo ilipofunguliwa, kisiwa kikabakiwa na thamani moja tu, nayo ni kutokuwa mikononi mwa taifa jingine la Ulaya. Na thamani hiyo Uingereza iliweza kuipata kwa wino na karatasi, bila kulipia kambi wala mizinga.

Zhoushan, ambayo Waingereza wa zamani waliiandika Chusan, ni kisiwa kikuu cha funguvisiwa lenye visiwa zaidi ya elfu moja, kwenye mlango wa Ghuba ya Hangzhou katika jimbo la Zhejiang. Mji wake ni Dinghai. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mkondo wa bahari, ipo Ningbo, na ukielekea kaskazini unafika mahali ambapo mto Yangtze unamwaga maji yake baharini. Chai na hariri, bidhaa mbili zilizowavuta Wazungu kuliko zote, zilitoka kwa wingi katika majimbo yaliyo nyuma ya pwani hiyo, na ili zifike Guangzhou, kule kusini, zilibebwa kwa wapagazi na mashua za mtoni kwa wiki nyingi huku kila kituo kikiongeza gharama. Lilikuwapo pia jambo ambalo husahauliwa: Waingereza walitaka kuuza nguo za sufu, na katika joto la Guangzhou sufu haikuwa na wanunuzi wengi, ilhali walitumaini kwamba watu wa kaskazini wenye majira ya baridi wangeipokea.

Ndiyo maana tamaa hii ni ya zamani kuliko vita unavyovifundisha. Mfalme Kangxi wa nasaba ya Qing aliruhusu tena biashara ya baharini mwaka 1684, na mwaka 1698 ofisi ya forodha ikafunguliwa Dinghai kwa ajili ya merikebu za kigeni. Miaka miwili baadaye akafika Allen Catchpole, mwakilishi wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, akiwa na matumaini ya kujenga kituo cha kudumu. Aliambulia usumbufu: maofisa wa huko waliishika biashara yote mikononi mwao wakawachagulia Waingereza wa kuuza naye na wa kununua kwake, na baada ya miaka michache kituo kikafungwa. Catchpole alihamia kisiwa cha Pulo Condore, kusini mwa Vietnam, na huko mwaka 1705 akauawa na askari wa Kimakassar aliokuwa amewaajiri mwenyewe. Aliyefaidika zaidi na safari ile alikuwa tabibu wake, James Cuninghame, aliyekusanya mimea ya Zhoushan na kuipeleka London, na kwa muda mrefu mimea hiyo ndiyo ilikuwa karibu yote ambayo Waingereza walikuwa nayo kutoka kisiwa kile.

Majaribio hayakukoma hapo. Kuanzia mwaka 1755 James Flint, Mwingereza aliyekijua Kichina, alipeleka merikebu Ningbo, na majibu ya Mfalme Qianlong yalikuja mwaka 1757: wafanyabiashara wa Ulaya wafanye shughuli zao Guangzhou tu. Flint alipothubutu kwenda kaskazini mwaka 1759 kupeleka malalamiko, aliishia kifungoni Macao kwa miaka mitatu. Kisha mwaka 1793 Balozi George Macartney aliomba, pamoja na mengine, ruhusa ya kufanya biashara Ningbo, Zhoushan na Tianjin, na kisiwa kidogo kisicho na ngome karibu na Zhoushan ambako wafanyabiashara wangekaa na kuhifadhi bidhaa zao. Qianlong alikataa yote. Naomba wanafunzi wako waliangalie vizuri ombi hilo, kwa sababu kilichoombwa ni ghala, wala si koloni, na ghala huhitajika pale ambapo mlango wa duka umefungwa.

Sasa tufike kwenye vita. (Nakubaliana nawe kuviita Vita vya Kasumba, ingawa siku hizi neno hilo tunalitumia zaidi kwa fikra mbovu alizotuachia mkoloni kuliko kwa ulevi wenyewe, baadhi ya waandishi husema "afyuni" ili kuepuka mkanganyiko.) Waziri wa Mambo ya Nje Lord Palmerston, akishauriwa na wafanyabiashara ambao mmoja wao alikuwa William Jardine, tajiri wa biashara ya kasumba, aliagiza Februari 1840 kwamba Zhoushan itekwe na kushikiliwa hadi China itakapotimiza madai ya Uingereza. Tarehe 5 Julai 1840 manowari zilifyatua mizinga yao mbele ya Dinghai kwa dakika chache, na mji ukaanguka. Kilichofuata hakikuwa ushindi wa kujivunia. Askari waliwekwa kwenye mahema mahali penye majimaji, wakala chakula kilichooza, na homa pamoja na kuhara vikaua zaidi ya 400 kati yao kabla mwaka haujaisha, idadi ambayo mizinga ya China haikuikaribia.

Januari 1841 Kapteni Charles Elliot, mjumbe wa Uingereza, alikubali kwa mapatano ya Chuanbi kuirudisha Zhoushan na kupewa Hong Kong. Palmerston alikasirika mno. Alimwandikia kwamba alikuwa ameachia kisiwa alichoagizwa kukishikilia, naye amepata kisiwa kitupu ambacho juu yake ni shida kuikuta hata nyumba moja. Kisha akamwondoa kazini. Mrithi wake, Sir Henry Pottinger, aliiteka Zhoushan upya tarehe 1 Oktoba 1841, na safari hii mapigano yalikuwa makali. Majenerali watatu wa China, Ge Yunfei, Wang Xipeng na Zheng Guohong, walifia Dinghai, na wanakumbukwa huko hadi leo.

Mkataba wa Nanjing ulitiwa saini tarehe 29 Agosti 1842, na hapa ndipo ninapokuomba usome kwa makini, kwa kuwa wengi hupaparukia sura ya Hong Kong wakapita. Hong Kong ilitolewa kwa Uingereza daima. Zhoushan, pamoja na Gulangyu kando ya Xiamen, iliwekwa rehani: majeshi ya Uingereza yangekaa huko hadi fidia ya dola milioni 21 iishe kulipwa, kwa mafungu yaliyopangwa kumalizika mwaka 1845, na hadi bandari tano za Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai zifunguliwe. Kwa hiyo swali la wanafunzi wako, kisheria, linageuka kidogo. Uingereza haikuwa na Zhoushan ya kutoa; ilikuwa na mali ya mtu mwingine iliyoshikiliwa kwa deni, na deni lilipolipwa, kilichobaki ni ama kuirudisha rehani ama kuvunja mkataba uleule ambao bandari tano zote ziliutegemea.

Hata hivyo mataifa yenye nguvu yamevunja mikataba mingi kwa faida ndogo kuliko hiyo, na siwezi kukuacha na jibu la kisheria peke yake. Lazima tuulize kama faida ilikuwapo.

Februari 1842 Pottinger alitangaza Hong Kong na Dinghai kuwa bandari huru zisizotoza ushuru. Zhoushan ilikuwa na kila sababu ya kushinda. Ukubwa wake ni kilomita za mraba kama 500, na kile cha Hong Kong hakifiki 80. Ilikuwa na mashamba ya mpunga, maji, mji uliokwisha kujengwa na wakazi wengi. Hata afya ya askari, iliyokuwa aibu ya mwaka 1840, ilitengemaa baada ya makazi na chakula kurekebishwa, wakati Hong Kong mwaka 1843 ilikumbwa na homa iliyojaza makaburi. Kwa muda kisiwa kilitawaliwa na watu wa ajabu kidogo, kama Karl Gützlaff, mmisionari wa Kiprusi aliyegeuka hakimu kwa sababu alikijua Kichina, na baadaye kambi ikawa chini ya Colin Campbell, yuleyule ambaye miaka kumi na zaidi baadaye alijulikana katika vita vya India.

Lakini Novemba 1843 Shanghai ilifunguliwa, na mwanzoni mwa 1844 ikafuata Ningbo. Mfanyabiashara wa hariri hakuwa na haja tena ya kupakia mzigo kwenye mashua, kuuvusha hadi kisiwani, kuulipia ghala, kisha kuupakia mara ya pili kwenye merikebu. Merikebu ilimfuata mlangoni. Ghala ambalo Macartney aliliomba mwaka 1793 lilikuwa limekwisha kupatikana, tena likiwa bara, palepale bidhaa zinapotoka. Mikondo ya bahari kati ya visiwa vya Zhoushan nayo ni mikali, na nahodha wa chombo cha matanga aliyeweza kwenda moja kwa moja Shanghai hakuona sababu ya kujitia humo. Hong Kong haikupatwa na balaa hilo kwa kiasi kilekile, kwa sababu haikuwa ikishindana na bandari mpya: ilikaa jirani na Guangzhou, ambako makampuni yalikuwa na wateja wao, madeni yao na mazoea ya miaka mingi, ilikuwa na maji ya kina yaliyokingwa na milima, na ilikuwa mahali pa kuhifadhi kasumba chini ya bendera ambayo ofisa wa Qing asingeweza kuigusa.

Alikuwapo mtu aliyeupinga mtazamo huu kwa nguvu zake zote. Robert Montgomery Martin, mweka hazina wa koloni la Hong Kong, aliandika mwaka 1844 kwamba Hong Kong haitafanikiwa kamwe kibiashara na kwamba Uingereza ingepaswa kuishika Zhoushan. Mwaka 1845 alijiuzulu na kwenda London kuipigania hoja yake, bila mafanikio. Historia imemcheka kwa kuikosea Hong Kong vibaya kiasi kile, na ni haki yake kuchekwa. Lakini kuhusu mahali Zhoushan ilipo hakuwa mjinga. Leo bandari ya Ningbo-Zhoushan hupitisha zaidi ya tani bilioni moja za mizigo kwa mwaka, kuliko bandari yoyote duniani. Alichokosea ni kudhani kwamba mahali pazuri panahitaji bendera ya kigeni ili pafanye biashara, na hilo lilikuwa kosa la kizazi chake kizima.

Sasa Wafaransa. Desemba 1843 ujumbe wa Théodore de Lagrené uliondoka Ufaransa, na tarehe 24 Oktoba 1844 ukapata mkataba wake na China huko Huangpu. Waziri François Guizot alikuwa ameuagiza pia utafute mahali pa kuweka kituo cha manowari katika bahari zile, kwa hoja kwamba Uingereza ina Hong Kong, Ureno ina Macao, Uhispania ina Ufilipino, na Ufaransa haina hata mahali pa kukarabati chombo. Kisiwa kilicholengwa kilikuwa Basilan, kusini mwa Ufilipino. Februari 1845 walifikia mapatano na Sultani wa Sulu, Uhispania ikapinga, na mwaka huohuo serikali ya Mfalme Louis-Philippe ikaamua kuliacha jambo hilo. Hebu fikiri jinsi habari hizi zilivyosikika Hong Kong na London: Wafaransa wanatafuta kisiwa, na kisiwa bora katika pwani yote ya China kinakaribia kuachwa wazi.

Hapo ndipo mambo mawili yanayoonekana kupingana yalipokutana. Kwa upande mmoja, kuondoka bila masharti kungeweza kumkaribisha Mfaransa. Kwa upande mwingine, kubaki kungemkaribisha zaidi, kwa sababu Uingereza ikinyakua kisiwa cha pili kinyume cha mkataba wake, Paris ingekuwa na hoja iliyokamilika ya kujichukulia cha kwanza. Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo hakuwa Palmerston tena. Alikuwa Lord Aberdeen, aliyekwisha kumwandikia Pottinger tangu Novemba 1841 kwamba serikali haikutaka maeneo ya kudumu China, na ambaye alikuwa akijitahidi kupatana na Guizot baada ya mzozo wa Tahiti, kisiwa cha Pasifiki ambacho Ufaransa ilikuwa imekiweka chini yake, kukaribia kuzigombanisha nchi zao. Kwa mtu kama huyo, kisiwa kimoja Zhejiang hakikustahili ugomvi barani Ulaya.

Ufumbuzi ulipatikana kutokana na mvutano mwingine kabisa. Fungu la mwisho la fidia lilipokwisha kulipwa, Gavana wa Hong Kong, Sir John Davis, alikataa kuondoa majeshi Zhoushan hadi China ikubali haki ya Waingereza kuingia ndani ya mji wa Guangzhou, jambo ambalo wananchi wa mji ule walilipinga kwa hasira. Davis na mjumbe wa China, Qiying, walitia saini makubaliano tarehe 4 Aprili 1846. Kuingia Guangzhou kuliahirishwa bila kufutwa. Mfalme wa China aliahidi kwamba Waingereza wakishaondoka, Zhoushan haitatolewa kamwe kwa taifa lolote jingine la kigeni. Na Uingereza nayo iliahidi kwamba kisiwa kikivamiwa itakilinda na kukirudisha kwa China, bila kudai malipo. Julai 1846 Campbell na askari wake wakaondoka.

Ukiyapima makubaliano hayo utaona werevu wake. China ilirudishiwa ardhi yake na kupata mlinzi ambaye haikumlipa. Uingereza iliepuka gharama ya kambi, ikawafungia mlango Wafaransa na wengine wote, na kwa hiari yake ikawa na sababu ya kisheria ya kuleta manowari wakati wowote ikitaka. Nusu karne baadaye ahadi za namna hii zilikuwa kitu cha kawaida China: Ufaransa ilipata ya Hainan mwaka 1897, Uingereza ya bonde la Yangtze na Japani ya Fujian mwaka 1898, na kila moja ilikuwa hatua ya kujigawia maeneo ya ushawishi. Ya Zhoushan iliyatangulia yote hayo. Kwa msomaji wa pwani yetu namna hii ya kufikiri si ngeni. Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitangaza kwamba zitaheshimu uhuru wa Sultani wa Zanzibar na ule wa Maskati, kila moja ikimzuia mwenzake kunyakua kile ambacho yenyewe haikuwa tayari kukinyakua siku hiyo.

Unaweza kuuliza kama ahadi ile iliheshimiwa. Mwaka 1860, katika Vita vya pili vya Kasumba, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliikalia Zhoushan kwa pamoja mwezi Aprili bila upinzani, yakaifanya kituo cha njiani kuelekea kaskazini. Aliyeapa kukilinda kisiwa dhidi ya wavamizi alikuwa mmoja wa wavamizi, na sijui kama palikuwapo mtu London aliyeona haya. Lakini angalia kwamba waliingia wawili, kila mmoja akimchunga mwenzake, na wote wawili walitoka. Mwaka 1885, China na Ufaransa zilipopigana, manowari za Admeri Courbet zilifika hadi Zhenhai, ng'ambo tu ya Zhoushan, lakini visiwa alivyoviteka vilikuwa vya Penghu, mbali kusini.

Mtu wa mwisho kuitamani kwa dhati alikuwa Mjerumani. Mwanajiografia Ferdinand von Richthofen alimpendekezea Bismarck, Waziri Mkuu wa Prussia, mwaka 1868 kwamba Zhoushan ingefaa kuwa bandari ya Kijerumani, na Bismarck hakuchukua hatua. Miaka ya 1890, Berlin ilipotafuta kwa bidii mahali pa kuweka manowari zake za mashariki, jina la Zhoushan lilirudi mezani pamoja na Xiamen na Jiaozhou, na kikwazo kilikuwa kilekile: makubaliano ya 1846 yalimaanisha kwamba atakayeigusa Zhoushan atakuwa na ugomvi na Uingereza. Wamisionari wawili wa Kijerumani walipouawa Shandong usiku wa tarehe 1 Novemba 1897, kisingizio kikapatikana, na tarehe 14 Novemba askari wa Ujerumani wakashuka pwani ya Jiaozhou.